Nani Alimkata Muthoni? Riwaya ya Njia Panda na Sarufi ya Ukeketaji

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1965 kwa jina la The River Between ina majina matatu, na kila jina humpeleka msomaji mahali pake. Kiingereza kinamsimamisha mbele ya mto ulio kati ya milima miwili. Kifaransa, katika tafsiri ya Julie Senghor ya mwaka 1988, kinauita mto wa uhai, La Rivière de vie. Hapo mfasiri ameifuata maana ya jina la mto wenyewe, Honia, ambalo kwa Kigikuyu lina maana ya kuponya au kurudisha uhai. Kiswahili, katika tafsiri ya John Ndeti Somba ya mwaka 1974, kimeuacha mto kabisa na kuchukua jina la Njia Panda. Huenda msomaji akadhani kwamba mfasiri amepotea. Sisi tunaona kwamba ameona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Mto hutenganisha na kuunganisha bila ya mtu kuamua lolote, lakini njia panda humdai mtu achague. Tena kwa Waswahili njia panda ni mahali pa kuogopwa: ndipo panapotupwa makafara, ndipo maradhi ya mtu mmoja yanapoachwa ili apite mwingine ayachukue. Muthoni, msichana anayekufa kwa jeraha la tohara katika riwaya hii, aliachwa hapo na pande zote mbili.

Makala haya yanakusudia kuisoma Njia Panda kwa jicho la mwanaisimu, tukiwa na swali moja tu: je, kitabu hiki, na lugha tunayoitumia kukizungumzia, vinatusaidia kuelewa jinsi msichana anavyofikishwa kwenye kisu na jinsi anavyoweza kukingwa nacho? Hapana shaka wapo watakaouliza kwa nini jambo hili lishughulikiwe Kindu. Kwetu Maniema mila za kuwatia wavulana jandoni zinajulikana, kama vile bwali ya Walega, na Waislamu wa Kasongo na wa hapa mjini huwatahiri watoto wao wa kiume kwa kufuata dini. Kuhusu wasichana, wengi wetu hatukulelewa na habari hiyo. UNICEF ilipotoa makadirio yake mwaka 2024, ya kwamba zaidi ya wanawake na wasichana milioni 230 duniani wamekeketwa, ilitegemea takwimu za nchi 31, na Kongo haimo miongoni mwake. Lakini majirani zetu watatu wamo: Jamhuri ya Afrika ya Kati, Uganda na Tanzania. Aidha, sheria yetu wenyewe, Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, imeliingiza kosa hili katika kanuni ya adhabu, kifungu cha 174g. Na Kiswahili, lugha tunayoifundisha, ndiyo lugha ambayo mjadala huu unaendeshwa kutoka Tarime hadi Garissa. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kusema kwamba haumhusu.

Basi na tuitazame riwaya. Ngũgĩ, aliyefariki tarehe 28 Mei 2025, aliiandika akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, kabla ya Weep Not, Child ingawa ilitoka baada yake. Kisa chake kinafahamika. Milima miwili, Kameno na Makuyu, inatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto Honia. Makuyu ndiko anakohubiri Yoshua, Mkristo asiyekubali suluhu yoyote na mila. Kameno ndiko walikobaki wanaoishika mila, akiwemo Chege, babake Waiyaki. Muthoni, binti wa Yoshua, anamwambia dada yake Nyambura kwamba anataka kutahiriwa. Anataka kubaki na Yesu, na anataka pia kuwa mwanamke kamili machoni pa kabila lake. Anakimbilia kwa shangazi yake Kameno, anatahiriwa, jeraha halifungi, na baada ya siku za maumivu anapelekwa hospitali ya wamisionari ya Siriana, ambako anafariki.

Jambo la kwanza ambalo mhakiki hana budi kulitaja ni kwamba tohara ya Muthoni haisimuliwi. Ya Waiyaki inasimuliwa: msimulizi anaingia naye katika maji baridi ya alfajiri, anakaa naye ukingoni, anatueleza kisu kilivyopita na damu ilivyodondokea udongo na kumfunga kijana na ardhi yake. Lakini kwa Muthoni msimulizi anageuza uso. Tunamwona usiku wa ngoma, mwenye furaha kuliko wote. Kisha tunamwona amelala, amevimba, anaoza. Katikati pana shimo. Baadhi ya wasomaji watasema huo ni ustaarabu wa mtunzi mwanamume, asiyestahili kuingia mahali pa wanawake. Inawezekana. Hata hivyo matokeo yake katika usomaji ni makubwa: kisu cha Waiyaki kina mkono uliokishika, na kisu cha Muthoni hakina. Hatuambiwi ni nani aliyemkata. Kwa hiyo msomaji anabaki na kifo kisicho na mtenda.

Na kwa kuwa hakina mtenda, kila mtu anakichukua na kukifanya chake. Kwa mmisionari Livingstone, kifo cha Muthoni ni ushahidi kwamba mila hii haina budi kung'olewa. Kwa Chege ni adhabu na onyo kwa wale waliouacha mlima wao na kuwafuata wageni. Kwa Yoshua binti huyu alikwisha kufa siku alipovuka mto. Haya yote ni maelezo ya kisiasa. Wote wanasoma maiti kama vile maiti ni barua waliyoandikiwa wao. Hakuna anayeuliza kuhusu jeraha, isipokuwa Waiyaki, ambaye angalau anashiriki kumbeba hadi hospitali. Na hata huyo, baadaye, anageuka kuwa mkombozi wa shule na umoja, na swali la kisu linamtoka mikononi. Mtunzi amewaonyesha wanaume hawa kwa uhodari mkubwa, na pengine alikusudia tuwashtaki. Ila yeye mwenyewe hakutupatia mwanamke hata mmoja wa kutoa ushahidi. Shangazi wa Kameno, ambaye alimpokea msichana na kumpeleka, anapita ukurasani kama kivuli. Nasi tunadhani shangazi ndiye ufunguo wa kisa chote: ampendaye ndiye ampelekaye.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Rebeka Njau alikwisha kuchapisha mwaka 1963, katika jarida la Transition la Kampala, mchezo mfupi uitwao The Scar, ambao mhusika wake mkuu, Mariana, anajaribu kuwafungua macho wasichana wa kijiji ili waikatae tohara. Anashindwa: siri ya maisha yake ya zamani inafichuka, na heshima yake inapoanguka mafunzo yake yanaanguka pamoja naye. Mchezo huo hauna ukubwa wa riwaya ya Ngũgĩ, lakini mgogoro umewekwa mahali pake, yaani baina ya wanawake wenyewe, akina mama na mabinti, na suala la nani anaaminiwa kuwafundisha wasichana. Nuruddin Farah naye, katika From a Crooked Rib ya mwaka 1970, amemfanya Ebla aukumbuke mwili wake: tohara kwake ni maumivu yaliyomfuata mpaka kwenye ndoa. Tukivisoma vitabu hivi bega kwa bega tunaona upungufu wa Njia Panda, nao si kwamba mtunzi hakuilaani mila hiyo kwa sauti ya kutosha. Riwaya si hotuba. Upungufu ni kwamba mwili wa Muthoni umegeuzwa ishara upesi mno.

Yapo mambo ya kihistoria yanayomtetea Ngũgĩ. Mgogoro wa mwaka 1929 katika nchi ya Wagikuyu ulikuwa kweli wa namna hiyo. Misheni ya Kiskoti, ikiongozwa na John Arthur, iliwataka waumini watie kidole gumba chini ya kiapo cha kuikana tohara ya wasichana, na waliokataa walijikuta nje ya kanisa na nje ya shule. Jibu likawa shule za kujitegemea, wimbo wa Muthirigu uliopigwa marufuku mwaka 1930, na chuki iliyofikia hata kuuawa kwa mmisionari wa Kimarekani, Hulda Stumpf, huko Kijabe mwezi Januari wa mwaka huohuo. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, aliitetea desturi hiyo kama nguzo iliyobeba mafunzo, rika na umoja wa kabila. Tangu hapo kuizungumzia tohara ya wasichana kulikuwa kuuzungumzia ukoloni. Msichana mwenyewe alipotea kati ya hoja mbili za wanaume.

Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipitisha marufuku kwa kusukumwa na maofisa wa serikali ya kikoloni. Kilichofuata ni cha ajabu, na kwa mwanaisimu ni hazina. Maelfu ya wasichana waliipinga amri hiyo, na baadhi yao walichukua nyembe wakaenda porini kukatana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani kwa Kimeru, nitajitahiri mwenyewe. Mwanahistoria Lynn Thomas ameeleza habari zao kwa urefu. Tutazame kitenzi hicho. Katika lugha zetu mwari siku zote ni mtendwa: hutahiriwa, hukeketwa, hufundwa, hutolewa, huolewa. Hapa, kwa mara moja, amejifanya mtenda na mtendwa kwa pamoja, kwa kiambishi kirejeshi ambacho Kiswahili hukitaja kwa silabi moja, ji. Muthoni wa riwaya ni dada yao. Yeye pia anasema nataka.

Tufanye nini na neno nataka? Hapo ndipo wengi wetu darasani huteleza. Wanafunzi hutetea: alichagua mwenyewe, tena alikwenda kinyume cha baba yake, basi ni shujaa wa uhuru. Hatukatai kwamba ana ujasiri. Lakini kirejeshi hakifuti mtenda mwingine, kinamficha. Anayesema nitajitahiri ameyapata wapi maneno hayo? Katika jamii ambapo msichana asiyekatwa hana rika, hana mchumba, na ana jina la matusi, kutaka ni njia ya kuendelea kuishi na watu. Majina hayo ya matusi yapo katika kila lugha inayohusika. Wagikuyu walisema kirigu. Wakurya husema omosagane. Kiswahili cha pwani kina msungo, kwa yule ambaye hajafundwa. Mtoto anayasikia majina haya miaka mingi kabla hajamwona ngariba, na kazi ya kisu huwa imekwisha kuanza.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ya kukataza ukeketaji imeliona jambo hili kuliko sheria nyingine tunazozijua. Kifungu chake cha 25 kinamtia hatiani mtu atumiaye lugha ya dharau kumdhihaki mwanamke kwa sababu hakukeketwa, au mwanamume aliyemwoa mwanamke wa namna hiyo. Adhabu yake haipungui kifungo cha miezi sita au faini ya shilingi 50,000. Hatujui kama wanasheria walijua kwamba walikuwa wakiandika kifungu cha pragmatiki, lakini ndivyo walivyofanya: wamekiri kwamba neno nalo hutenda. Sheria hiyohiyo haikubali ridhaa kuwa utetezi. Daktari Tatu Kamau aliipinga mahakamani mwaka 2017, akidai kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kujiamulia juu ya mwili wake. Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwezi Machi 2021 na kuikataa hoja yake. Hoja yake si ya kijinga, na mhakiki mwaminifu asiidharau. Ni hoja ya Muthoni ikiwa imevaa joho la wakili. Jibu lake ni lilelile: nataka isiyo na nafasi ya sitaki haijawa bado nataka.

Turudi katika istilahi, maana hapa Kiswahili kimefanya kazi ambayo haijaelezwa vya kutosha. Kwa muda mrefu lugha yetu ilitumia neno tohara kwa jinsia zote. Neno hilo ni la Kiarabu, na asili yake ni usafi. Atumiaye neno tohara kwa msichana amekwisha kukubali, kabla hajamaliza sentensi, kwamba msichana ambaye hajakatwa ni mchafu. Kwa upande mwingine kuna keketa. Kitenzi hiki ni cha Kibantu na maana yake ya kila siku ni kukata kwa shida kitu kigumu, kwa kisu butu, kwa kwenda na kurudi. Husemwa pia tumbo linakeketa, kwa maumivu makali. Hakina heshima yoyote. Mashirika ya wanawake, magazeti na hatimaye serikali zilipokichagua kuwa istilahi, walikuwa wakifanya kwa Kiswahili jambo lililofanyika katika lugha za Ulaya, pale Kamati ya Kiafrika inayopambana na mila zenye madhara, iliyoundwa Dakar mwaka 1984, ilipoamua katika mkutano wake wa Addis Ababa mwaka 1990 kuacha neno la tohara na kushika neno la ukataji-viungo. Lakini Kiswahili hakikutafsiri. Kilikuwa na neno lake tayari, na neno hilo lina sauti ya kisu chenyewe.

Tunalipendelea neno ukeketaji. Hata hivyo tuna mashaka mawili. La kwanza ni la adabu. Mwanamke aliyepitia jambo hilo akiwa na miaka 10 halazimiki kusikia mwili wake ukiitwa kwa neno la kisu butu kila akiingia zahanati. Mfanyakazi wa afya au mwalimu anayezungumza na mama huyo atumie neno analolitumia mama. Katika hukumu, katika takwimu na katika kitabu cha sheria, aseme ukeketaji. Mwanaisimu hataona ajabu: kila lugha ina rejista zake.

Shaka la pili ni zito zaidi. Ukeketaji ni nomino, na nomino haina mtu. Kauli ya kutendwa nayo katika Kiswahili haimdai msemaji amtaje mtenda: wasichana wengi wamekeketwa, basi, na sentensi imekamilika. Katika Kenya husemwa pia kupashwa tohara, kama mtu anavyopashwa habari au kupashwa moto, ambapo msichana anaonekana kama mpokeaji wa kitu alicholetewa. Tukisoma mabango na taarifa nyingi za kampeni tunakuta sarufi ileile ya Njia Panda: kisu kisicho na mkono. Mtu pekee anayetajwa ni ngariba, naye hutajwa kwa jina la heshima la kazi yake, huku mkeketaji, ambalo ndilo jina la mkosaji, likibaki nadra. Nyuma ya ngariba wako wazee wa mila wanaopanga msimu na kupata sehemu yao ya malipo, baba anayehesabu ng'ombe wa mahari, bibi anayeogopa mjukuu wake asizikwe kama mtoto, mchumba ambaye hajasema neno lakini kimya chake kinajulikana. Hawa hawamo katika sentensi.

Ni jambo la kufurahisha, kwa hiyo, kuzitazama sheria kwa macho ya sarufi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana, iliyoongeza kifungu cha 169A katika kanuni ya adhabu, imemweka mlezi kuwa kiima: yule mwenye dhamana ya mtu aliye chini ya miaka 18, akisababisha akeketwe, ametenda ukatili kwa mtoto, na adhabu ni kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini, au vyote viwili. Shangazi wa Kameno angepatikana katika kifungu hicho. Lakini kifungu hichohicho kinamwacha nje msichana aliyetimiza miaka 18, kana kwamba siku ya kuzaliwa inamwondoa mikononi mwa wakwe. Tena kumekuwa na namna ya kukikwepa kwa kuwakeketa watoto wachanga, kabla hawajajulikana shuleni wala kwa majirani. Mtoto mchanga hawezi kusema nataka wala sitaki, na hivyo hoja yote ya hiari inaporomoka.

Sheria yetu ya Kongo imeandikwa kwa namna tofauti. Kiima chake ni yeyote. Mtendwa wake ni mtu, bila jinsia wala umri. Na kosa ni kuharibu uzima wa kimwili au wa kiutendaji wa viungo vya uzazi. Adhabu ni kifungo cha miaka 2 hadi 5 na faini ya faranga 200,000, na ikiwa mtu amekufa, kifungo cha maisha. Kwa sarufi ndiyo pana kuliko zote. Upana huo una faida yake katika nchi ambayo viungo hivyo vimejeruhiwa vitani kwa njia nyingi zisizohusiana na mila yoyote. Una tatizo pia, nalo linatugusa. Katika nchi za Maziwa Makuu iko desturi ya wasichana kuvutwa, ambayo Wanyarwanda huiita gukuna. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 1997 katika kundi la nne la ukeketaji, kisha mwaka 2008 likalegeza msimamo huo bila kuuacha kabisa. Wapo wanawake wasomi wanaokasirika desturi hiyo inapowekwa kapu moja na kisu. Tunaona wana haki ya kusikilizwa, mradi wanaosikilizwa wawe ni pamoja na wasichana wanaoambiwa kwamba bila hiyo hawataolewa. Vivyo hivyo, neno unyago lisitumiwe ovyo. Unyago wa pwani na wa kusini mwa Tanzania, ule ambao marehemu Bi Kidude wa Unguja alikuwa mwalimu wake mashuhuri, ni mafunzo na ngoma. Hauna kisu ndani yake. Mwandishi anayeandika unyago akimaanisha ukeketaji anawatukana makungwi, na anapoteza mfano mwema ambao angeweza kuutumia.

Maana mfano upo, tena umetoka katika lugha. Mwezi Agosti 1996, katika kijiji cha Gatunga huko Tharaka, familia zipatazo 30, zikisaidiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake, ziliwatia mabinti zao katika ukumbi bila kisu. Kulikuwa na siku za faragha, mafunzo, zawadi, na sherehe ya kuwatoa. Waliliita jambo hilo ntanira na mugambo: tohara kwa maneno. Waliopima matokeo ya mila hizi mbadala hawakubaliani juu ya nguvu yake, na ni wazi kwamba mahali ambapo kisu hakikuambatana na sherehe yoyote, sherehe mpya haiwezi kukiondoa. Lakini tunaomba wasomaji walitafakari jina hilo. Watu wa Gatunga walikitenganisha kile ambacho Kenyatta alisema hakitenganishiki. Mafunzo yalibaki, kisu kikaondoka. Muthoni alikuwa akitafuta hilo hasa, njia ya kuwa mwanamke wa kabila na Mkristo pia, na hakuna aliyempatia.

Katika Tarime na Serengeti wasichana wa leo wana mahali pa kukimbilia. Kituo cha Masanga kilianzishwa mwaka 2008, na Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014, imejulikana mbali kupitia kazi ya Rhobi Samwelly. Msimu ukikaribia, mwezi wa Novemba na Desemba shule zikifungwa, wasichana hufika hapo kwa miguu. Tukumbuke mwelekeo wa safari ya Muthoni: yeye alikimbia kutoka kwa baba asiyetaka akatwe kwenda kwa shangazi aliyetaka. Hawa hukimbia kinyume. Tofauti baina ya safari hizo mbili haiko katika tabia ya msichana. Wote ni majasiri. Iko katika kuwepo kwa mlango mwishoni mwa njia, na mtu mzima anayeufungua. Takwimu za afya zinaonyesha kwamba katika Tanzania sehemu ya wanawake waliokeketwa ilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 1996 hadi 8 mwaka 2022, na katika Kenya kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022. Wastani wa taifa usitulaze usingizi: mkoani Mara bado ilikuwa asilimia 28, na Arusha 43.

Mhusika mmoja tumemwacha, kama wahakiki wengi wanavyomwacha, naye ni Nyambura. Hakukatwa, na hakukimbia. Anabaki katika nyumba ya baba yake na huzuni ya dada yake, anampenda Waiyaki, na kwa kuwa yeye si wa milima yote miwili, anafanywa kuwa ushahidi wa usaliti wa Waiyaki. Mwishoni mwa riwaya wawili hao wanatiwa mikononi mwa Kiama, na watu wanarudi nyumbani bila kutazamana. Kwa maoni yetu ukurasa huo una nguvu kuliko kifo cha Muthoni, na ndio unaopaswa kusomwa kwanza darasani. Msichana ambaye hakukeketwa hajaokoka kwa sababu hiyo tu. Amesimama mbele ya baraza la wanaume ambalo bado halijaamua lifanye nini naye. Ulinzi wa wasichana huanza hapo, siku baada ya msimu, wakati gari la polisi limekwisha kuondoka.

Katika muhula uliopita wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu walipewa zoezi la kukitia kifungu cha 174g katika Kiswahili kinachoeleweka sokoni Kindu, kwa sababu sheria iliyoko kwa Kifaransa peke yake haimkingi mtoto wa mtaani. Neno la kiutendaji liliwashinda, wakaliacha. Neno mutilation hawakulifasiri kwa ukeketaji, kwani hapa halijazoeleka. Waliandika kukata ao kuharibu. Kiima waliandika kila mutu, kama inavyosemwa hapa. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mtendwa. Sheria inasema mtu, na baadhi yao waliona hilo latosha. Wengine, wasichana karibu wote, walitaka iandikwe waziwazi: mwanamuke ao mwanaume, mukubwa ao mutoto, hata kama yeye mwenyewe amekubali. Maneno matano ya mwisho hayamo katika sheria ya Kongo. Wanafunzi walipiga kura, yakabaki.